Mchawi wa Jumamosi ya Mwisho

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaka anahama! Kaniambia kwa simu jioni, kwa sauti ileile ya kuniambia kaishiwa sukari. Kazi mpya, mji mwingine, mbali, mwisho wa mwezi. Wifi atamfuata mkataba wake wa hospitali ukiisha. Nikasema hongera. Nadhani nilisema hongera mara tatu.

Halafu jambo lenyewe — kiti! Kila Jumamosi mchana, miaka yote hii, sisi wanne tunakaa kwenye meza ya Kaka kucheza safari zetu za kubuni. Kila mtu na mhusika wake. Fundi, rafiki yetu wa mambo ya umeme, ni mpiga mishale. Wifi ni mwizi. Anasema wiki nzima anauguza watu wodini, Jumamosi aachwe aibe. Mimi ni malkia aliyepinduliwa, na atakayecheka shauri yake. Kaka ndiye msimulizi. Anakaa kichwani mwa meza, nyuma ya lile kadibodi lake la kufichia dadu, na ulimwengu mzima ni yeye: mvua, wafalme, mbwa, maadui.

Sasa kiti kinabaki kwa mmoja wetu, mimi au Fundi. Kila mtu abuni adui, asimamie mchezo Jumamosi moja. Kaka atacheza upande wa pili, na mhusika wake wa zamani anayeitwa Mbabe, mtu wa upanga mrefu na maneno machache. "Atakayenitoa jasho, kiti chake."

Nakitaka. Sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu humu ndani. Nakitaka, na nitakipata.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeamua: mchawi! Fundi kachagua joka. Fundi angechagua joka hata angeambiwa achague mboga.

Lakini si mchawi wa kurusha moto vidoleni. Hao tumeshawaua mpaka tumechoka. Wangu ni wa ibada. Taratibu. Anachora duara, anazunguka, ananuiza bila kupumzika, anawasha taa moja baada ya nyingine. Zikiwaka zote saba, jitu la moto linatoka ardhini. Kinachotisha ni kumwona anaendelea tu.

Saa ya chakula dukani nimemjaribu juu ya meza ya kukatia mapazia, mimi mwenyewe pande zote mbili. Amekufa kabla ya taa ya pili. Nikarudia — amekufa. Nikarudia tena, amekufa na kibiriti mkononi, masikini.

Tatizo tunalijua wote. Mezani kwetu kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga: akitokea mchawi, mpige mchawi kwanza. Nikampa walinzi sita. Basi vita vikawa vya walinzi, mchawi akabaki pambo. Bosi akapita akauliza zile dadu ni za kuhesabia marinda? Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Zamu ya Fundi. Joka lake lina uhai mwingi sana. Mwingi! Tulilipiga mchana kutwa. Tunapiga, linanguruma, tunapiga, linanguruma. Wifi alitoka zamu ya usiku, akasinzia na dadu mkononi. Ikamdondoka, ikaangukia namba kubwa, joka likafa.

Kaka akasema, "Zuri." Basi. Kaka akisema "zuri" na asiongeze neno, ujue umekwisha.

Nilimwonea Fundi huruma. Kidogo. Alikuwa kachora hadi magamba, moja moja. Lakini nimejifunza kitu bure: uhai mwingi haumtishi mtu, unamchosha. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 12 Oktoba

NIMEPATA.

Nilikuwa nakunja nguo. Nikawaza: sisi ni watu wa kupiga. Hatuwezi kujizuia. Basi kipigo chenyewe ndicho kiwe kuni!

Sheria mpya: kila damu inayomwagika ndani ya duara inawasha taa. Damu ya yeyote. Hata yake. Namwondolea walinzi wote, nampa uhai kiduchu, mzee mkondefu peke yake. Watamwona laini. Watamrukia. Na kila wakimkata, taa inawaka. Wakiacha kumkata, anajikata mwenyewe kiganja — taa moja kila mzunguko, polepole. Wakimuua ndani ya duara, zinawaka zote kwa mpigo.

Lazima awe na upenyo, la sivyo ni uonevu. Upenyo wake ni sauti. Hatakiwi kuacha kunuiza. Akisema neno lolote lisilo la ibada, taa moja inazimika. Kwa hiyo wamzibe mdomo, wampigie kelele, wamtupie nyavu, wamkasirishe mpaka atukane. Nimeshaandika nini kitatokea kwa kila moja. Mimi si mtu wa kubahatisha. Dirisha napima mara moja, pazia linakaa.

Jaribio mezani: mara ya kwanza kashinda mchawi, ya pili kashinda Mbabe kwa tundu la sindano. Hivyo hasa ndivyo nilivyotaka! Nimecheka peke yangu chumbani. Mama kapaza sauti ukumbini, ananiuliza nimepata mchumba?

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimejaribu na Mama. Alikuwa anamenya viazi, nikampa upanga wa Mbabe.

Mama kasikiliza vizuri sana. Kisha akasema yeye hamkati mtu mzima aliyekaa zake kimya. Nikasema Mama, ni mchawi. Akasema hata hivyo. Nikasema anaita jitu la moto litakaloteketeza mji! Akamenya kiazi kizima. Halafu: "Kwani maji hamna?"

Maji. Ndoo moja tu, taa zote zimezimika, mchezo umekwisha, na Mama kaendelea na viazi vyake.

Nilikasirika dakika mbili. Baadaye nikambusu. Fundi angeliona hilo tundu Jumamosi mbele ya watu wote, na mimi ningeumbuka. Sasa taa hazizimwi na maji, wala upepo, wala mchanga. Zinazimwa na neno la mchawi mwenyewe tu. Nimemsomea Mama upya. Akasema basi huyo mzee ana shida kubwa, na viazi vinatosha?

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekata duara kwenye bitana nyeusi iliyobaki ya mapazia ya ile hoteli. Nimeishona pindo kabisa, nyuzi nyekundu. Bosi akasema duara safi namna hiyo hajaliona tangu afungue duka. Vifungo vyekundu ndio damu. Mishumaa midogo saba ndio taa, na nitaiwasha kweli mezani. Waione inawaka mbele ya macho yao.

Fundi kanitumia ujumbe, anauliza nakuja na nini. Nikamjibu: mzee mmoja mgonjwa. Akacheka. Cheka tu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kesho.

Sina wasiwasi hata chembe. Nimeshawaambia watu wawili dukani kwamba kuanzia Novemba mimi ndiye msimulizi, na kama wanataka kujifunza mchezo waje. Wamekubali wote wawili. Kiti kitakuwa na meza iliyojaa!

Kaka kapiga simu, kaniomba nije mapema nimsaidie kufunga maboksi. Nimemwambia siwezi, namalizia mchawi. Akasema haya, Fundi atakuja.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika haya chooni kwa Kaka. Nimeketi juu ya mfuniko. Nimewaambia nahitaji dakika tano. Daftari ninalo kwa sababu sheria za mchawi nilizinakili kurasa za nyuma.

Ilianza vizuri mno! Niliingia, meza iko wazi katikati ya maboksi, ukuta wa vitabu umebaki mbao tupu. Nikatandika duara langu. Kaka kaligusa pindo, akainua nyusi. Nikakaa kitini. Nyuma ya kadibodi! Nikawapeleka pangoni, nikawaonyesha mzee anazunguka, ananuiza. Niliifanya ile sauti mwenyewe, ya chini, bila kupumua. Wifi kasema nywele zimemsimama.

Mbabe hakuuliza kitu. Kampasua bega. Nikaweka kifungo chekundu, nikawasha mshumaa. Kaka akatabasamu. Fundi akatupa mishale miwili, yote ikaingia. Vifungo viwili, mishumaa miwili. Fundi akashangilia, "Huyu hana maisha!" Mbabe tena — mshumaa wa nne. Na mzee ananuiza tu.

Wifi ndiye aliyeshtuka. Akaushika mkono wa mumewe wenye dadu. "Acha! Jamani acheni, tunamlisha!"

Ah, nyuso zile! Fundi alivitazama vile vifungo kama mtu aliyegundua kakata waya usio wenyewe. Na Kaka — nimeona kwa macho yangu — Kaka kajifuta paji la uso. Jasho! Nilikaribia kusimama juu ya kiti.

Mzee akajikata kiganja. Wa tano. Fundi akampigia kelele na makopo, dadu ikamkataa. Wifi akajaribu kumwibia kisu, kikamponyoka, kikamkata yeye mwenyewe mle ndani ya duara. Wa sita. Umebaki mmoja. Walikuwa wamekwisha, na walijua.

Zamu ya Kaka. Akamchukua Mbabe, kile kinyago chake cha mti, akamweka ndani ya duara langu, karibu kabisa na mzee, na kwa kidole akaulaza chini ule upanga.

"Mbabe anakaa. Anamuuliza: mzee wangu, unamwita nani?"

Nikasema haraka, mzee anaita jitu la moto.

"Hilo ndilo litakalokuja," Kaka akasema. Hakusema kwa ubishi, alisema taratibu. "Mimi nimeuliza anamwita nani. Mtu hajikati kiganja namna ile kwa ajili ya jitu."

Wote wakanitazama.

Na sina! Nina sheria ya damu, sheria ya maji, sheria ya mchanga, ya nyavu, ya matusi. Nimepekua kurasa za nyuma mbele yao kama mwanafunzi asiyesoma. Hamna. Wiki tatu nimemtengeneza huyu mzee na sikuwahi kujiuliza anataka nini. Ndipo nikasema nakwenda chooni.

Humu kuna mkoba wa safari wa Kaka juu ya mashine ya kufulia. Umeshafungwa nusu. Taulo, wembe, yale mafuta yake ya nywele anayonunua mimi nikimkataza. Gari la mizigo linakuja kesho asubuhi. Nimeuona mkoba, nikaketi, na nikaanza kulia. Ndiyo, nalia. Nimefungulia bomba wasisikie.

Nimerudi nyuma kusoma nilichoandika humu. Kaka anahama — mstari wa kwanza! Kisha kiti, kiti, taa, damu, kiti. Sijaandika popote kwamba sitaki aende. Jana kaniita nimsaidie maboksi, sikuja. Nilikuwa namalizia mchawi.

Basi najua mzee anamwita nani. Anamwita kaka yake. Kaka aliyekwenda kufanya kazi mbali, akasema atakuja likizo. Ameandaa duara, ameandaa taa, kafanya kila kitu sawasawa, na kitakachotoka ardhini si kaka yake, ni moto tu. Anajua. Anaendelea hivyohivyo.

Ni jibu zuri. Ni jibu zuri kuliko mchezo wote! Na kulitoa ni lazima mzee aache kunuiza, aseme neno la kawaida — na taa inazimika. Sheria nimeitunga mimi. Akisema sentensi nzima, zitazimika nyingi. Watashinda. Jasho nimeshamtoa lakini, kwa hiyo kiti ni changu, sina shaka hata kidogo.

Ila ni nani atakayeisema hiyo sentensi? Mzee hana mdomo. Mdomo ni wangu. Nitaisema nikimtazama Kaka usoni, mbele ya Wifi, mbele ya Fundi. Hata nikiifanya ile sauti ya chini, Kaka ataijua. Tumelala chumba kimoja miaka kumi, ananijua hata nikipiga chafya.

Nitaisema. Nimenawa uso. Macho mekundu, nitasingizia moshi wa mishumaa.

Kaka anagonga mlango. Anasema mishumaa inakwisha, au msimulizi kakimbilia dirishani? Kaniita msimulizi!

Nimemjibu nakuja. Nikamwambia, "Na wewe usiende popote." Nilikusudia mezani, arudi akae.

Naviona viatu vyake hapo chini ya mlango, bado vimesimama.