Moshi Niliodhani ni wa Samaki

Nyalenda, Kisumu
Jumapili asubuhi, 1991

Mama,

Bado siamini. Tumekuzika, wageni wamerudi makwao, mimi nimerudi dukani kwenye kazi yangu ya ukarani, lakini kuna jambo linanisimamisha katikati ya njia kama mtu aliyesahau anakokwenda. Ulikuwa unavuta sigara. Wewe, Mama! Mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani.

Nilijua siku tulipogawa nguo zako. Nilifungua fundo la leso yako ya kijani nikitegemea sarafu za nauli, nikakuta kipande cha sigara kimezimwa vizuri ili kiwashwe tena. Nikasema ni cha mtu mwingine. Mama Mdogo Atieno, dada yako, alicheka huku machozi yakimtoka. "Kwani wewe ulifikiri ule moshi wote ni wa samaki?"

Ndiyo, nilifikiri hivyo. Miaka yote ulikausha samaki kwa moshi kule Luanda Kotieno, na ukija kwangu mjini nguo zako zikinuka, niliwaambia watoto hiyo ndiyo harufu ya kazi ya dani, bibi yao. Mama Mdogo akanionyesha mlivyofanya: mnawasha, mnageuza, upande wa moto unaingia kinywani, midomo inafungwa. Upepo wa ziwa hauuzimi, na anayepita haoni kitu. 

Halafu nikakumbuka hospitali. Daktari alipokagua kile kidonda kwenye kaakaa lako, kilichokuja kukuondoa, aliuliza kama unavuta. Nilijibu mimi, haraka, kama mtu aliyetukanwa. "Daktari, huyu ni mama wa kanisa. Yeye moshi wake ni wa samaki tu." Ulishindwa kusema kwa maumivu, ila ulinitazama. Nilidhani unanishukuru.

Kisha nikatoka nje, nikavuta sigara zangu mbili nyuma ya ukuta, nikatafuna majani ya mpera ili usinuse.

Sasa nimeacha, Mama. Au naacha, sijui lipi ndilo neno la kweli. Iliyonisumbua zaidi ni ile ya baada ya chai, kwa hiyo asubuhi nimehamia uji. Uji hauiti sigara. Mfukoni naweka njugu karanga. Hamu ikinishika natembea hadi bomba la maji na kurudi, na mara nyingi ikifika hapo imelegea. Isipolegea natembea tena. Wanawake wa foleni ya maji wameanza kuniuliza kama nimepoteza kitu. Siku moja ya mvua hamu ilinizidi, nikavuta nusu sigara. Zamani ningesema basi, nimeshindwa, nikanunua pakiti nzima. Safari hii niliandika kwenye shajara, nikalala, nikaendelea. Wenzangu dukani wananiita mchungaji. "Bwana karani, umeokoka lini?" Nacheka nao, ila saa ya chakula sikai nao.

Lakini Mama Mdogo bado anavuta vilevile, moto ndani. Juzi nilimsihi aende akaangaliwe kinywa. Akanipima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani.

"Na wewe je? Unadhani yale majani yalimdanganya mama yako?"

Mama! Kumbe ulijua! Ulijua tangu nilipooa, alisema, na kila alipokuhimiza unikanye ulimjibu hivi: "Ngoja kwanza niache mimi. Sasa hivi sina mdomo wa kumwambia."

Sijui nililie lipi. Ulikuwa ukijaribu, kule ufukweni, peke yako, kwa ajili yangu, nami sikujua hata kwamba kuna cha kujaribu.

Dada yako amekubali kwenda, kwa sharti lake. "Nitafungua kinywa nikiona umefungua wewe kwanza." Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili. Naogopa, sikufichi.

Pumzika, Mama. Ule mdomo ulioutafuta, nakuahidi nitaupata mimi, nimwambie dada yako aache, akingali hai kunisikia.

Mwanao,
Ochieng'