Kufuli la Blanketi na Asubuhi Sita za Mazulia

Wewe uliyesimama hapo ngazini na kikapu mkononi, unaisoma karatasi hii kwa jicho moja huku jingine likichungulia kama nimefungua mlango: ndiyo, nakuona. Mara ya mwisho ulipokaa kikaoni theluji ilikuwa haijayeyuka. Tangu hapo mara mgongo, mara mgeni, mara sufuria iko motoni. Kikao hakiumi, viti vipo, na kahawa nachemsha mimi. Haya, soma sasa, na herufi zangu uzivumilie. Wenzangu walipokuwa wakifundishwa kuziandika, mimi nilikuwa nafyatua matofali kiwandani Wienerberg.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA WAPANGAJI, NGAZI YA PILI

Tarehe: Jumatano, 5 Juni 1957
Mahali: Chumba cha kufulia, Favoriten, Vienna
Kuanza: Saa kumi na moja na robo jioni. Ilikuwa iwe saa kumi na moja kamili.

Waliohudhuria:
Bw. Alois Kratochwil, Mwenyekiti, mstaafu wa posta
Mama Mshauri Zeidler, ghorofa ya pili (mshauri wa serikali alikuwa mumewe, amekufa miaka kumi na moja sasa, cheo bado kizima)
Bw. Rudolf Wessely, dereva wa tramu
Bw. Vinzenz Nawratil, fundi piano mstaafu
Bi. Bozena Drahos, mwangalizi wa nyumba, Katibu

Aliyealikwa: Hedi Pichler, binti wa dobi wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na minane

Wasiohudhuria bila udhuru: mnajijua.

KUMB. NA. 1/57: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga beseni kwa funguo zake. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu na ingeweza kumalizika kwa dakika kumi iwapo watu wangesema kwa zamu. Katibu alicheka. Mwenyekiti aliagiza kicheko kisiandikwe.

KUMB. NA. 2/57: YATOKANAYO NA KIKAO CHA FEBRUARI

Kwa faida ya wasiohudhuria, ilikumbushwa kwamba mwezi Februari Bw. Wessely na Mama Mshauri walilalamikia piano ya Hedi. Bw. Wessely huamka saa tisa usiku kwenda kazini na hulala mchana. Mama Mshauri hulala mchana kwa sababu ni mchana.

Kamati ilimwomba Bw. Nawratil afunge ndani ya piano hiyo kifaa cha kufifisha sauti, ambacho wapangaji wote wa ngazi hii tunakiita Blanketi. Ni ubao mwembamba ulioning'inizwa kipande kirefu cha sufu nene. Chini ya vibao vya kuchezea, upande wa kulia, kuna mkono wa chuma. Ukiusukuma, sufu inashuka na kukaa kati ya vinyundo na nyuzi, na piano inaongea kama mtu aliyefunika uso kwa mto. Ukiurudisha, sufu inapanda na sauti inarudi yote.

Mwezi Machi ilidaiwa kwamba Hedi analipandisha Blanketi kwa siri. Mwenyekiti alinunua kufuli, mkono wa chuma ukafungiwa Blanketi likiwa chini, na ufunguo akapewa Katibu. Bw. Nawratil alitaka iandikwe kwamba siku ile alipinga. Imeandikwa. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba alipinga kwa kutoka nje na kubamiza mlango, jambo ambalo si utaratibu. Nalo limeandikwa.

KUMB. NA. 3/57: OMBI LA HEDI PICHLER

Hedi alieleza kwamba mtihani wake wa kuingia chuo cha muziki ni Jumanne, tarehe 25 Juni. Mtihani huo hufanywa mara moja kwa mwaka. Mwakani atakuwa amepita umri, na kiwanda cha biskuti kimeshamwandikia kwamba kinamsubiri. Aliomba kufuli lifunguliwe hadi siku ya mtihani.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini, wakati kamati haijamkataza kucheza hata siku moja.

Hedi alijibu kwamba Jumatatu alikwenda kwa mwalimu wake akacheza piano isiyo na sufu. Mwalimu alimsimamisha kwenye mstari wa nne, akamwambia, "Hedi, unafukuza panya?"

Bw. Wessely, aliyedhaniwa amelala, alicheka. Aliomba radhi akafumba macho tena.

Mama Mshauri alisema mwalimu akisema hivyo, kosa ni la mwanafunzi. Yeye binti yake alifundishwa piano miaka saba na hakufukuza panya.

"Wala hakucheza piano," Katibu alisema.

Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba kazi yake ni kuandika. Katibu alijibu kwamba anaandika, na kama Mwenyekiti anaitaka kalamu, hii hapa. Hakuitaka.

Bw. Nawratil alipewa nafasi. Alieleza kwamba sufu ikiwa chini muda wote, mkono wa mchezaji hujifunza uongo. Akipiga kwa nguvu, hasikii nguvu. Akipiga kwa upole, hasikii kitu kabisa. Basi anaongeza, na kesho anaongeza tena, kama mtu anayezungumza na babu kiziwi mpaka akasahau namna ya kuzungumza na wengine. Alisema kifaa hiki kiliwekewa mkono ili anayecheza ashushe na kupandisha mwenyewe. Katika miaka arobaini na mitatu ya kazi yake hajawahi kuona piano iliyotiwa kufuli kama banda la kuku.

Mwenyekiti alisema kufuli lilikuwa la ubora wa hali ya juu.

"Ndiyo maana msichana anakwenda kutengeneza biskuti," Bw. Nawratil alisema.

Uliombwa utulivu. Utulivu ulichelewa kidogo.

KUMB. NA. 4/57: UCHUNGUZI GHOROFA YA TATU

Mwenyekiti aliamua kwamba kamati haiwezi kukata shauri kwa masikio ya Bw. Nawratil peke yake. Wajumbe walipanda hadi kwa Pichler. Mama Mshauri alipumzika kila ngazi kumi na kueleza kwamba hapumziki, anatazama kuta. Chumbani palikuwa na piano, kitanda, na kola za mashati zisizohesabika, maana Hedi hushona kola nyumbani tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Wajumbe walikaa kitandani. Bw. Wessely alikatazwa kujinyoosha.

Kwanza alicheza Blanketi likiwa chini. Mwenyekiti alisema hasikii kasoro yoyote. Bw. Nawratil alisema hata akiwekewa kitunguu mdomoni Mwenyekiti atakisifu kuwa ni tufaha.

Kisha Katibu alifungua kufuli, na Hedi akaurudisha mkono wa chuma mwenyewe. Alicheza kipande kilekile. Kilianza kwa kishindo mpaka glasi za kabatini zikalia, na Mama Mshauri akashika kifua. Hedi aliacha. Alijaribu tena taratibu, na safari hii vibao vilishuka bila sauti yoyote kutoka. Akaongeza, kishindo kikarudi. Akapunguza, kimya.

Hedi aliitazama mikono yake akasema, "Katikati yangu imepotea."

Mwenyekiti aliuliza iandikwe vipi. Katibu alisema iandikwe hivyohivyo.

Katibu anataka ieleweke kwamba ufunguo ule umekaa mfukoni mwa aproni yake miezi mitatu, na kila siku alipita chini ya dirisha la chumba hiki na ufagio akidhani amefanya jambo la amani. Hilo halikuulizwa na mtu kikaoni. Linaandikwa tu.

Mama Mshauri aliuliza ikiwa basi kosa ni la binti au la kifaa.

"Letu," Bw. Nawratil alijibu.

KUMB. NA. 5/57: SAA

Bw. Wessely alifumbua macho yote mawili, jambo lililowashtua wajumbe. Alisema hana chuki na msichana, anampenda kama mpwa. "Lakini nisikilizeni. Mimi nikikosea, sigongi kibao cha piano. Nagonga watu. Mchana lazima nilale."

Ilikubaliwa kwamba hilo ni kweli. Jioni ina watoto wa ghorofa ya kwanza wanaolala mapema. Jumapili ni Jumapili. Mwenyekiti alitoa sheria za nyumba mfukoni, ambako hukaa hata akienda kuoga, akasoma saa zote za utulivu kutoka juu hadi chini. Alipomaliza, Hedi alikuwa amekwisha kufunika piano.

Ndipo Katibu aliuliza sheria zinasemaje kuhusu saa za kelele.

Mwenyekiti alisoma: Ijumaa na Jumamosi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, kupiga mazulia kuyatoa vumbi, yakitundikwa uani kwenye bomba la chuma. Saa hizo hakuna mpangaji anayeruhusiwa kulalamikia kelele.

Bw. Wessely alisema saa hizo yuko kazini, hata nyumba ikianguka hatajua.

Katibu alihesabu kwa vidole: kutoka leo hadi mtihani, asubuhi sita. Alipendekeza Hedi azitumie, Blanketi likiwa juu, na kola azishone mchana.

Bw. Nawratil alisema ni wazo zuri lakini bure. Wanawake wanane wakipiga mazulia chini ya dirisha, msichana hatajisikia, na shida yake yote ni kwamba hajisikii. Saa hizo zingefaa tu kama mazulia yangenyamaza.

Mwenyekiti alichekesha kidogo kwa kuuliza kama tunataka kuweka mazulia kufuli. Kisha alieleza bila utani kwamba saa za mazulia ni haki ya kila nyumba. Haziwezi kuondolewa kwa kura. Mwenye zulia mmoja akikataa, zinabaki.

Wajumbe wote walimtazama Mama Mshauri.

KUMB. NA. 6/57: MAZULIA YA MAMA MSHAURI

Mama Mshauri alikumbusha kwamba Jumapili ni Pentekoste. Alikumbusha pia kwamba dada yake kutoka Linz anakuja Jumamosi mchana. Ana mazulia matatu ya Uajemi. Tangu Pasaka hayajapigwa kwa sababu ya mvua, na dada yake ana tabia ya kupitisha kidole juu ya kila kitu na kukitazama kidole bila kusema neno.

"Angesema, ningemjibu," Mama Mshauri alieleza. "Ila hasemi. Ananyanyua kidole tu. Miaka hamsini, kidole."

Bw. Nawratil alitaka kusema kitu kuhusu kidole. Katibu alimkanyaga mguu.

Mwenyekiti alisema basi, kwa masikitiko, ombi limeshindwa, na akaanza kukunja sheria.

Mama Mshauri alisema hajamaliza na asikunjiwe. Alihama kutoka kitandani hadi kwenye kigoda cha kushonea, karibu na piano, akamwambia Hedi, "Ile sehemu iliyokataa kutoka. Irudie."

Hedi alirudia. Haikutoka.

"Tena."

Bw. Wessely alihesabu, maana yeye huhesabu vituo. Mara tano, mara nane. Mara nyingine ilikuwa kishindo, mara nyingine mlio wa mbao tupu. Hedi alikuwa na jasho juu ya mdomo, na mara ya tisa alisema, "Mama Mshauri, nisamehe, nakuchosha."

"Nimelala mchana maisha yangu yote, sijachoka. Tena."

Mara ya kumi na mbili ilitoka. Ilikuwa sauti ndogo, nzima, haikusukumwa na haikuzuiliwa. Ilikaa hewani, kisha ikaisha yenyewe. Sijui muziki. Najua tofali likiiva, ukiligonga linajibu. Sauti ile nayo ilijibu.

Mama Mshauri alisema, "Andika, Bi. Drahos. Mazulia ya Zeidler yamelala hadi tarehe 25."

"Na dada?" Bw. Wessely aliuliza.

"Dada atanyanyua kidole. Nitamwambia hilo ni vumbi la sanaa."

Hedi alitaka kumbusu mkono. Mama Mshauri aliuondoa na kusema hajafanya kwa ajili yake, amefanya kwa sababu kitanda hakikuwa na mito ya kutosha kukaliwa kwa muda mrefu. Sentensi hii ilirudiwa kwa Katibu mara mbili ili iandikwe sawasawa. Baadaye aliomba ifutwe. Haifutwi.

KUMB. NA. 7/57: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba kufuli liondolewe. Limerudishwa kwa Mwenyekiti, ambaye analitumia kufungia baiskeli yake.

Iliazimiwa kwamba Ijumaa na Jumamosi za tarehe 7, 8, 14, 15, 21 na 22 Juni hakuna zulia litakalopigwa. Kwa kuwa Mwenyekiti amesema mmoja akikataa azimio linakufa, Katibu atapita kesho kila mlango kuomba ridhaa. Mlango utakaokataa, Katibu ataketi hapohapo mpaka ukubali. Ana sufu ya kufuma na hana haraka.

Iliazimiwa kwamba siku na saa nyingine zote Hedi atashusha Blanketi mwenyewe, kwa mkono wake, bila kusimamiwa. Mwenyekiti aliuliza nani atahakikisha. Bw. Wessely alisema, "Mimi ndiye ninayelala chini ya sakafu yake. Nikiamka, nitajua. Namwamini." Akasinzia.

KUMB. NA. 8/57: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa moja na dakika ishirini jioni. Dakika kumi zake zilikuwa zimepita siku nyingi.

(sahihi) A. Kratochwil, Mwenyekiti
(sahihi) B. Drahos, Katibu

Kwa wewe wa kikapu: kesho nikigonga, kubali upesi. Na Ijumaa saa mbili uje uani. Zulia liache ndani. Njoo na viazi vya kumenya, au soksi za kushona, kazi yoyote isiyo na mlio, ukae upande wa mapipa ya taka, ambapo dirisha la Hedi halioni. Usikohoe. Usipige makofi hata akicheza kama malaika, maana hatakiwi kujua kama upo. Na akikosea, usinyanyue kichwa. Endelea kumenya.