Ndege Wametoka Vizuri

Njombe, 9 Juni 1951

Shemeji Getruda,

Mahindi yamekauka vizuri, ila mimi siamki tena kitandani. Nasikia huko Makambako bado unamwekea mdogo wangu Anania chakula.

Nilikudanganya, hakupata kazi melini. Kule Lindi maji yalikupwa, nami nikawa napiga picha za ndege wakidonoa matopeni.

“Kaka, nikuswagie waje karibu?” akauliza, akicheka.

“Nenda.”

Sisi wa milimani hatukujua kwamba maji yale hurudi. Alipoinua mikono nilidhani bado anaswaga, nikapiga. Kumbe yamemzunguka, nami sijui kuogelea.

Picha naiweka humu. Ndege wametoka vizuri. Yule mwenye mikono juu nyuma yao ni mumeo.

Usimwekee tena chakula.

Shemeji yako,
Yoeli