Rina Ameandika Tena

Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, upepo unapeperusha vumbi hadi ndani ya sufuria, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Rina yuko hai.

Ngoja nieleze vizuri. Rina ni mshona nguo wa mji mmoja huko Asia. Hatujawahi kuonana. Miezi minne iliyopita nilikuwa natafuta mitindo ya magauni pale kafe ya intaneti karibu na stendi, nikaangukia blogu yake. Anaandika Kiingereza chepesi, kama changu. Nikawa namsoma kila nikitoka shuleni kufundisha.

Kisha mafuriko yakaukumba mji wao. Redio ilitaja kwa sentensi mbili tu. Rina aliandika yote: maji yaliyopanda ngazi, cherehani aliyoibeba kichwani hadi ghorofani, mzee jirani asiyesikia ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita, ikabidi yeye arudi kumfuata.

Leo nakiri jambo. Nilifurahia. Kila asubuhi niliwasimulia walimu wenzangu ofisini kama mchezo wa redio, na nilipenda walivyoacha kusahihisha madaftari ili wanisikilize. Siku moja nilikuta ameandika kwamba maji yanapungua, nikahisi kama nimenyimwa kitu.

Siku mbili baadaye maji yalirudi. Akaandika kwamba wako juu ya paa la shule na betri ya simu inaisha. Halafu kimya.

Siku kumi na moja.

Sikusimulia tena ofisini. Niliacha maoni mafupi chini ya andiko lake: mimi ni mwalimu wa Bariadi, tafadhali tuambie uko wapi. Mama yangu nilimweleza kwa Kisukuma, kwa shida, maana blogu sikujua niiiteje, lakini alinielewa upesi kuliko walimu. Alikwenda kanisani akaomba jina liingizwe kwenye maombi. Wakamwombea Lina, maana ndivyo mama anavyolitamka.

Leo nimefungua ukurasa. Picha imeshuka polepole, kipande kwa kipande: kitambaa cha kichwa, paji la uso, macho, kisha Rina mzima ameketi kambini, na pembeni yake yule mzee. Cherehani imekwenda na maji. Wao wamepona.

Nimelia mbele ya watu. Masanja, anayesimamia kafe, akaniuliza taratibu nani kafariki. Nikamwambia hapana, kuna mtu amepona.

Na chini kabisa Rina amenijibu: "Mwalimu, asante. Bariadi ni wapi?"

Nimekimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma, "Wabeja, Mulungu," kisha akauliza kama nimemjibu. Nikasema bado, nilitoka mbio kuja kumwambia yeye.

"Mtu anakuuliza kwenu," akasema, "wewe unamwacha amesimama mlangoni?"

Kesho baada ya ibada naenda kumjibu. Nimekaa na daftari tangu saa kumi. Nimeandika kwamba ni mji wa pamba, nimefuta. Nimeandika kwamba si mbali na Ziwa Victoria, nimefuta.

Kwake napajua hadi rangi ya mlango wa jirani. Kwangu nianzie wapi?