Numero ya bantu bawili

Aline, mujukulu wangu,

Tuko bazima. Mama yako iko Kasumbalesa, anatafuta unga.

Unauliza juu ya nini ile programu yako ya kutafsiri luga ya ordinatere, ile kompyuta, iangalie kama jina iko na mwenyewe, mbele ya kuipatia kitu ingine.

Wakati kazi ya mugodi ilianguka na bantu balikimbia, kapita, mukubwa wetu wa kazi, alinipa numero ya Ilunga, mwenzetu wa shimo. Alizani Ilunga naye alikimbia.

Mbele ya kupasua baruti, aliita manumero, ajue kama bote bametoka mu shimo. Nikajibu: “Niko!”

Sauti ikajibu kule chini: “Niko!”

“Ni shimo inarudisha sauti yako,” kapita akasema.

“Na shimo inakohoa, chef?”

Tukamutosha Ilunga. Akaangalia numero ku kofia yangu.

“Na mi niko nani sasa?”

Njo maana programu yako iulize kwanza.

Nkambo yako