Miavuli ya Waterloo

Baba, Mwalimu wangu,

Tulikuzika Jumamosi, na Kisian nzima bado inasimulia. Kwa kuwa ni wewe tu hujasikia, acha nikueleze.

Unakumbuka ulivyotufundisha vita vya Waterloo? Ulitutoa darasani mvua ikinyesha, ukatupanga mraba kama askari wa Kiingereza, safu ya mbele imepiga magoti, miavuli imeelekezwa nje badala ya singe za bunduki. Wewe ulikuwa wapanda farasi wa Napoleon, wote peke yako, juu ya baiskeli. Ulitujia mbio ukipiga kengele. "Msikimbie!" ulituonya. "Farasi si mjinga. Akiona hamkimbii, atasimama." Farasi wako hakuwa na breki. Ukaangukia matopeni, nasi tukashangilia ushindi.

Nilikuuliza jioni ile, "Baba, si hawa Waingereza ndio walikuja kututawala?"

"Ndio hao," ukasema. "Kwa hivyo jifunze siri yao."

Aliyeumia vitani ni Mama. "Napoleon alishindwa kitambo," alikuwa akilalamika akiloweka suruali yako, "lakini matope yake bado mimi ndio naosha."

Ulipofariki, Baba Mdogo alituvunja moyo. Unajua tero buru ilivyo heshima ya mzee: wanaume hukimbiza fahali kwa filimbi na kelele hadi bomani, kukifukuza kifo. Wewe hukuacha hata ndama, maana mshahara wako uliishia kwenye karo ya watoto wa watu. "Huyu hakuwa na ng'ombe hata mmoja," akasema mbele ya wazee. "Buru tutapeleka na nini? Chaki?" Watu wakacheka. Nililia sana, Baba. Niliona utazikwa kama mtu asiye na watu.

Asubuhi ya mazishi, mvua ikinyunyiza, tukasikia filimbi kutoka barabarani. Walikuwa wanafunzi wako wa zamani, sasa wana vitambi na vipara, wamevaa suti, mwavuli mkono mmoja na fimbo mwingine. Walikuwa wakiswaga fahali waliowaazima huko Bondo. Bomani pakachangamka. Halafu fahali mmoja akachanganywa na zile kelele, akageukia hema alimoketi Mama kando ya jeneza lako. Watu wakatawanyika, Baba Mdogo akiwa wa kwanza.

"Mraba!" mtu akapaza sauti.

Wakamkimbilia Mama. Wakawazunguka yeye na wewe, safu ya mbele ikapiga magoti matopeni na suti zake, miavuli nje. Nami nilikuwa hapo mbele, nimeelekeza wangu nje. Fahali akaja, akaja, kisha akasimama. Akanusa mwavuli wangu, akainamisha kichwa, akaanza kula nyasi. Ng'ombe naye si mjinga, Baba.

Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wako kama nilivyojivunia pale.

Mama akainuka, akawatazama wale wanaume wazima, naibu wa chifu akiwa mmoja wao, wakijipangusa magoti. Akacheka, mara ya kwanza tangu ututoke.

"Hizo suruali zote mniletee," akawaambia. "Matope ya Mwalimu nafua mimi."

Pumzika, Baba. Hatukukimbia.

Binti yako,
wa safu ya mbele