Fundo la Kuvuta Mara Moja

Jumanne, Malindi. Mvua imekatika. Uani kumekauka kote isipokuwa ile pembe iliyo karibu na birika la kuhifadhia maji.

Makofi matatu. Pa, pa, pa. Kiganja kilichokunjuliwa kikitua juu ya turubai lililorowa. Si makofi ya kushangilia. Ni yale ambayo mtu humpiga punda mgongoni akishamtua mzigo. Nimeyasikia tangu utotoni, na mara ya mwisho nilikuwa chumbani, mlango nimeurudisha, nikijua bila kutazama kwamba Baba amemaliza, kwamba jumba limekunjwa na kufungwa, na kwamba sasa ataingia kuuliza kama kuna chai.

Aliingia, akauliza. Chai ilikuwapo.

Asubuhi yake hakuamka.

Ninyi wachache mnaosoma ukurasa huu mmeona nilivyonyamaza tangu msiba. Sikuwa na la kuandika. Nilikuwa na hayo makofi tu, nikienda nayo sokoni na kurudi nayo, nikilala nayo. Leo yamenipa nafasi kidogo, basi naandika kabla hayajarudi.

Kwa asiyejua: Baba alikuwa akikodisha jumba la kurukia, lile la turubai linalojazwa upepo kwa mashine. Jekundu na manjano, minara minne, mlango kama mdomo wa kiboko. Watoto wa huku wanaliita baunsi. Chekechea zikifunga muhula, madrasa zikigawa zawadi, harusi zenye watoto wasiokalika, Idd kiwanjani, Baba alikuwa huko na pikapu yake, jenereta, vigingi na Karisa, msaidizi wake tangu mimi niko shule ya msingi. Alisimama mlangoni miguu mitupu, akipokea mtoto mmoja mmoja kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mikate iliyotoka tanurini. Jioni alirudi na mchanga masikioni.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Vitengeni. Karisa ndiye aliyenisimulia. Walikuwa kwenye shule moja ya huko, mvua ikaja bila salamu, ya matone manene. Baba akawatoa watoto, akazima mashine, na jumba likalala chini likinyeshewa. Watoto badala ya kukimbilia darasani wakabaki wakiruka kwenye matope, kama vile jumba bado limesimama. Baba naye akacheka mpaka akakaa chini. Walilikunja hivyo hivyo, zito kama ng'ombe. Walipofika nyumbani alilipanga upya uani, akalifunga kwa ile kamba yake ya buluu, akamwambia Karisa, "Njoo mapema kesho tulianike."

Karisa alikuja mapema. Alikuta wanaume wamekaa kimya barazani.

Jumba likabaki pale uani, chini ya mabati, mbele kabisa ya dirisha la chumba cha Mama. Na Mama yumo katika eda. Hatoki. Dunia yake ni kitanda, mkeka wa kuswalia, khalti Zena mdogo wake aliyekuja kukaa naye, na hilo dirisha. Kila akiinua macho anaona kitu kilekile: mzigo mkubwa mwekundu, na katikati yake fundo la buluu ambalo mikono ya Baba ililifunga jioni ya mwisho ya uhai wake.

Juma la kwanza baada ya arubaini nilikwenda kuligusa. Nilitaka kulisogeza tu, mchwa wasilipande.

"Swafiya!" Sauti ya Mama ilipita kwenye nondo za dirisha kama jiwe. "Toa mkono wako hapo."

"Nalisogeza tu, Mama."

"Hapo alipoliweka ndipo pake. Na lile fundo, nakwambia mapema, halifunguliwi na mtu. Si mimi, si wewe."

Nikatoa mkono.

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo mahali pake. Sikukasirika kwa ajili ya jumba. Nilikasirika kwa sababu Mama alikuwa amelichukua lile fundo likawa lake. Mimi pia nilikuwa nikilitaka. Alasiri, yeye akijinyoosha, nilikuwa naenda pale polepole, naweka pua yangu kwenye kamba nikitafuta harufu ya Baba, ile ya sabuni ya mche na petroli. Siku chache za mwanzo niliipata, au nilidhani nimeipata. Kisha ikaanza kuja nyingine chini yake. Harufu ya udongo wa kisima. Harufu ya kitu kinachooza taratibu bila kumwambia mtu.

Turubai likikunjwa na maji halisubiri. Baba alikuwa akisema hivyo kila msimu wa mvua, na ndiyo maana hakuwahi kulaza jumba bichi zaidi ya usiku mmoja. Hata Mama anajua. Alijua harufu ile ni ya nini, na alichagua kukaa nayo.

Khalti Zena hana subira ya mambo kama hayo. Siku moja alitua sinia la chakula akafunga pua kwa mtandio.

"Dada," akasema, "hiyo si harufu ya marehemu. Hiyo ni uyoga. Ngoja wiki nyingine tutauchuma tuutie nazi."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, kifupi, kisha akajishika mdomo kama mtu aliyetukana. Hakula siku ile.

Kisha Mwalimu Kazungu akapiga simu. Huyu ni mwalimu mkuu wa chekechea moja kule Tezo. Baba alikuwa akimpelekea jumba kila mwisho wa muhula. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea kwa ncha za vidole.

"Dada Swafiya, pole tena. Sikupigii kukuharakisha, wallahi. Ni hawa watoto. Kila pikapu ikipita wanakimbilia uzioni. Nikawaeleza kwamba mzee amefariki. Halafu mmoja akaniuliza, 'Na baunsi nayo imefariki?' Nikasema nitauliza wenyewe."

Nilimwambia nitampigia.

Siku tatu nililibeba swali la mtoto nisiyemjua. Nilijaribu kulijibu kwa akili, kama nilivyofundishwa chuoni, kwa kupanga hoja upande huu na upande ule. Halikupangika. Kila hoja ilifika kwenye fundo ikasimama. Nani mimi wa kufungua alichofunga?

Basi jana alasiri nikaenda kulitazama. Si kulinusa; kulitazama. Nikachuchumaa mbele yake kama mtu anayesoma maandishi madogo. Na nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita siku zote hizi. Lilikuwa fundo la kuvuta. Ncha ya kamba ameirudisha ndani, ameiacha ikining'inia kiasi cha kidole. Baba alikuwa na mafundo mawili. Akilifunga jumba la kukaa, baada ya Idd labda, wakati hakuna kazi, alilikaza fundo lile la pili ambalo mpaka msumari ndipo litoke. Na akilifunga la kufunguliwa asubuhi, alifunga hili. Unavuta ncha, linakwisha.

Alilifunga ili lifunguliwe. Hakufunga kumbukumbu. Alifunga mzigo, na alikuwa amechoka, na alitaka kesho asihangaike.

Nililia pale pale, nimechuchumaa. Nadhani nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokuwa na hakika ya ile kesho.

Leo asubuhi niliingia kwa Mama. Alikuwa amemaliza kusoma, msahafu umefunikwa.

"Mama, leo nafungua jumba. Nimemwita Karisa."

Akanitazama. "Umekuja kuniuliza au kuniambia?"

"Kukuambia, Mama."

Aligeuza uso akaelekea ukutani. Khalti Zena alinisukuma mgongoni kwa kiwiko, nikatoka. Sijawahi kumvunjia Mama neno maishani mwangu.

Karisa alikuwa amesimama penye birika, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jirani, maana si maharimu wake Mama na anajua adabu ya nyumba yenye eda. Akaamkia hivyo hivyo, akiuambia ukuta: "Shikamoo, Mama."

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "fungua wewe. Mimi siwezi."

Nikavuta ncha. Fundo likaisha. Kamba ililegea mikononi mwangu bila sauti yoyote, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa wepesi ule.

Tulilikunjua. Maji meusi yakatoka kwenye mikunjo. Majani ya Vitengeni yaliyooza, maganda ya njugu, jongoo wawili, soksi moja ya mtoto. Upande wa chini wote ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, na penye mnara mmoja mshono ulikuwa umelainika ukiachia kwa kidole. Karisa alisonya, si kwa hasira. Tukalivuta katikati ya ua, tukaliunganisha na mashine, akavuta kamba ya jenereta mara mbili, mara tatu, likawaka.

Sijui kama mmewahi kuona jumba likiamka. Kwanza ni ngozi tu inayotetemeka. Kisha mgongo unainuka, kisha ukuta, kisha minara inajitoa mmoja mmoja kama watu wanaosikia wakiitwa. Leo iliinuka mitatu. Wa nne, ule wenye mshono mbovu, ulijaribu, ukalala begani mwa mwenzake. Ua wetu ni mdogo. Jumba lilijaa ukuta hadi ukuta likaegemea dirisha la Mama, likaliziba kabisa.

Nilikimbia ndani nikidhani amekasirika, au amekosa hewa.

Chumba kizima kilikuwa chekundu. Jua lilikuwa likipita kwenye turubai na kuingia kwa rangi ile: shuka nyeupe, kanga zake za eda, mkeka, mikono yake. Mama alikuwa amesimama dirishani. Kwa kuwa jumba limeziba na hakuna mwanamume wa nje anayeweza kumwona, alikuwa amesogea mpaka kwenye nondo, mahali ambapo hajasimama tangu Baba atoke nyumba hii. Mkono wake mmoja ulikuwa nje, kiganja kimelala juu ya turubai linalopumua.

"Lina joto," akasema.

"Jua, Mama."

"Alikuwa akiliwasha namna hii hii, akaja hapa dirishani akagonga. 'Bibi wee, ndani kuna mtu?' Mimi namwambia, 'Hakuna, nenda zako.' Kila mara." Mashine ilikuwa ikivuma. "Leo nimengoja agonge."

Nilisimama karibu yake, na mimi nikatoa mkono wangu nje kwenye nondo, tukaligusa pamoja. Ndipo Mama akalia. Alilia kwa sauti, kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi, na Khalti Zena hakumwambia subiri wala hakumwambia inatosha. Nje, Karisa aliiacha mashine iendelee kuvuma.

Tulilisugua mpaka adhuhuri kwa sabuni na siki. Madoa mengine yametoka. Mengine hayatatoka. Karisa ameushona mnara mbovu kwa uzi wa viatu, anasema utashika upepo ila hautasimama wima tena. Tukaliacha juani. Alasiri tukalikunja, mimi nikigaagaa juu yake kuutoa upepo kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mtoto, na ilipotoka pumzi ya mwisho nilikuwa nimelala kifudifudi na sikutaka kuinuka.

Kamba ya buluu nilikuwa nimeiweka kando. Nikampelekea Mama, ikiwa bado na ule mpindo pale fundo lilipokuwa. Nilidhani ataiweka chini ya mto.

Aliishika. Akaupitisha mpindo ule katikati ya vidole, mara moja tu, akanirudishia.

"Kamba ya kazi hii," akasema. "Utalifungia nini, mtandio?"

Nikaenda nikalifunga. Nilipomaliza nilikaa pale mikono imening'inia. Karisa alinitazama, akatazama chini. Kutoka dirishani Mama akaita, "Mbona hujalipiga?"

"Makofi hayo ni yake, Mama."

Nikamwona akirudi kwenye mkeka wake.

Sidhani huzuni imepungua. Nisije nikawadanganya. Nimefungua kitu cha mwisho alichokifunga, na hakuna kingine. Nimepekua nyumba nzima kichwani na hakuna. Vikombe vyake vimeoshwa, kanzu zimegawiwa. Kuanzia leo kila kilichomo humu ndani kimeguswa na mtu mwingine baada yake. Nalijua hilo, na nimelifanya kwa mikono yangu.

Nimeshampigia Mwalimu Kazungu. Nimemwambia Jumamosi tutakuja Tezo, mimi na Karisa, na kwamba mnara mmoja umelala. Amesema watoto watafikiri uliumbwa hivyo.

Baada ya kukata simu nilirudi uani. Nililitazama fundo langu. Nilikuwa nimelikaza, lile la pili, la kukaa, sijui hata mikono yangu ililifunga saa ngapi. Ilinibidi nitafute msumari. Nimelifungua, nikalifunga upya, la kuvuta mara moja, na ncha nimeiacha nje kiasi cha kidole.